Kafutia soda kanga ya shangazi yangu mbele ya ukumbi mzima, halafu akaendelea kuongea

MZEE WA PINDO (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie. Nimetoka huko sasa hivi, nipo ndani ya daladala, foleni ya Mwenge haisogei, nikisubiri nifike nyumbani nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Msijifanye hamumjui. Kila ofisi ya Dar inaye. Yule wa kuweka funguo za gari juu ya meza zikitazama watu. Yule anayecheka kabla mwenzake hajamaliza kuongea. Yule ambaye shati lake halijaonja jasho tangu Tanganyika ipate uhuru. Huyo huyo. Leo kafuta soda kwa kanga ya shangazi yangu.

Ofisi ilitupeleka semina, ukumbi mmoja Mbezi Beach, tufahamiane. Mwezeshaji akasema kila mtu aje na kitu cha hobi yake, asimame aeleze, kisha wenzake waseme hobi hiyo inawaambia nini juu yake. Nililipenda lile jambo kwa moyo wote. Miaka 16 nakusanya kanga. Nina doti 214. Kila moja ina ukurasa wake daftarini: nimeipata kwa nani, aliinunua lini, aliivaa siku gani na alikuwa anamwambia nani. Maana kanga haivaliwi hivi hivi. Ina pindo kuzunguka, ina mji, yaani pale katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na jina ndilo linaloongea. Mwanamke wa Kariakoo hana haja ya kutukanana na jirani. Anajifunga "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", anapita mlangoni pa mbaya wake mara tatu kwenda kununua kiberiti kimoja, kesi imekwisha.

Leo nikachukua moja tu. Haimo hata kwenye zile 214, niliiazima. Ni ya shangazi yangu wa Tandika aliyenilea. Kanga ya kiwanda cha Urafiki, miaka ya sabini, mji mweupe, pindo jekundu, jina lake WEMA HAUOZI. Hiyo kanga mimi nimebebwa nayo mgongoni. Kipande pacha chake alifunikwa bibi siku ya kuzikwa. Shangazi alinikabidhi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko, akaniambia, "Baba, nirudishie Jumamosi."

Zamu ya yule bwana ilipofika alisema, "Hobi yangu mimi ni kazi." Watu wakapiga makofi! Hobi yake kazi! Mtu ambaye saa nane mchana humpati ofisini hata kwa tochi!

Zamu yangu. Nikaitandaza mezani taratibu. Nikaanza kueleza habari ya shangazi. Yule bwana anaongea na jirani yake, mikono inaruka kama anaongoza magari pale Ubungo, glasi ya soda ya chungwa ikapinduka. Akaichukua kanga. AKAFUTA SODA. Hakutazama hata anafutia nini. Mdomo unaendelea, mkono unafuta. Akamaliza meza, akafuta na suruali yake. Halafu AKAIKAMUA. Akainyanyua kwa ncha za vidole viwili kama panya aliyekufa, akanirudishia: "Kitambaa tu hicho mzee, nitakununulia kingine."

Kitambaa tu. Kingine.

Kule London, kwenye makumbusho ya British Museum, kanga zetu zimehifadhiwa. Hapa Dar es Salaam, kilomita chache kutoka kiwanda kilichoifuma, mtu anafutia soda. Na aliyetakiwa kusema hobi yangu inaonyesha nini juu yangu alikuwa yeye! Ndiye aliyepangwa na mimi! Akasema, "Inaonyesha mzee anapenda mambo ya akina mama," ukumbi ukaanguka kicheko, kanga yangu inachuruzika.

Mtu akisimama mbele ya watu akaonyesha anachokipenda, amekufungulia chumba cha ndani. Wewe unaingia na viatu vya matope? Alifuta soda wakuu. Akaikamua.

---

MKWEZI
Nimekaa mbele kabisa. Weka picha mkuu, uzi wa kanga bila picha ni batili.

KITASA
Tuelewane kwanza. Mwanaume mzima, doti 214. Yaani vipande 428. Shemeji ana ngapi?

MZEE WA PINDO
Mke wangu ana zake, hizi ni zangu. Na wewe ulipozaliwa ulipokelewa kwa nini, turubai?

BINTI MZARAMO
Kitasa funga mdomo, umeme ukikatika usiku wa Februari unalala na kanga ya mama yako, hakuna asiyejua. Mtoa mada, nisikilize haraka kabla haijakauka. Usitie jiki, usije ukatia jiki! Mji utabaki na baka la njano na pindo litatoka rangi. Maji baridi, sabuni ya mche, ponda ponda kwa kiganja usisugue, suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini. Mimi hapo kwenye kukamua ndipo palipouma. Kufuta mtu anaweza kusema sikuona. Kukamua umeona.

MZEE WA PINDO
Mungu akubariki dada yangu. ALIIKAMUA! Kwa mikono miwili! Kama tambala la deki!

DEREVA WA USIKU
Hii chai, tena ya rangi. Mtu hawezi kushika kitu kina maandishi makubwa vile asisome.

MZEE WA PINDO
Hasomi huyo! Ndiyo shida yake yote, hasomi! Hata barua za ofisi anauliza "inasemaje kwa kifupi"!

DEREVA WA USIKU
Hapo sasa nimeamini. Namjua. Alikuwa bosi wangu.

MAMA KUNDI
Namjua na mimi. Wa kwetu anavaa miwani ya jua ndani ya lifti. Mkuu, kesi ya kanga inajibiwa kwa kanga. Nunua doti pale Mtaa wa Uhuru, mtumie mkewe nyumbani: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Usiandike barua wala nini. Mke atasoma, atamuuliza, hatalala.

MKWEZI
"Hasidi hana sababu".

KITASA
"Usisafirie nyota ya mwenzio". Nimewashinda wote.

FUNDI REDIO
Mnamwongezea vitambaa vya kufutia soda tu.

FUNDI REDIO
Ila kwa faida ya wadogo zetu: majina kwenye kanga hayakuwepo tangu mwanzo. Neno leso, jina jingine la kanga, lenyewe lina asili ya Kireno. Kanga imepata jina kwa yule ndege kanga, kwa sababu ya madoa. Na kule Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla", wenyewe wanatajwa kuwa ndio walioanza kutia majina, karne iliyopita mwanzoni. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

KITASA
Nani kakuuliza?

FUNDI REDIO
Hobi yangu kusoma. Inaonyesha nini juu yangu?

KITASA
Kwamba hujaoa.

PUMZI YA MOTO
Samahani mtoa mada, mimi ninayo ile ya Obama ya 2008, imeandikwa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Natandikia meza ya chakula. Nimekosea?

MZEE WA PINDO
Iondoe mezani LEO HII. Wewe hujui ulichonacho! Ifue, ikunje, weka mbali na jua na mende. Na andika nani aliinunua na wapi. Tafadhali sana.

PUMZI YA MOTO
Ina mchuzi wa samaki kidogo.

MZEE WA PINDO
Mnataka kuniua.

MAMA KUNDI
Lakini semina hizi za kutaja hobi zimewaharibia watu wengi. Kwetu dada mmoja alisema anapenda kulala. Tangu siku hiyo akichelewa dakika tano, "umelala?" Akienda chooni, "amelala?" Aliomba uhamisho.

KITASA
Hobi inamwanika mtu kweli, hapo msibishe. Shemeji yangu wakati wa kuoa alisema hobi yake ni kuchambua mpira. Familia nzima tukafurahi, kijana ametulia, anajua kikosi cha Simba cha miaka yote. Kumbe anachambua mikeka ya kubeti! Ada ya mtoto ilikwenda kwenye mkeka wa timu 17, ikachanika timu ya mwisho, dakika ya 93. Alilia pale sebuleni kuliko siku aliyofiwa.

DEREVA WA USIKU
Timu 17 ni tamaa. Mimi nacheza tatu tu.

BINTI MZARAMO
Afadhali huyo yumo ndani. Wangu ni drafti. Kijiwe cha Magomeni, vizibo vya soda, ubao umechorwa kwa chaki. Anatoka kununua mkate saa 12 jioni, anarudi saa 5 usiku, mkate hana. Namuuliza, ananijibu, "Nilikuwa nina kingi." Kingi! Ana kingi huko, huku watoto wamelala na chai kavu.

NYANGUMI WA FERI
Mtu wa drafti ana subira dada. Mvumilie.

BINTI MZARAMO
Subira anayo ya kingi, ya mtoto kulia hana.

MZEE WA PINDO
Wakuu turudi kidogo kwenye mada. Nimefika nyumbani, nimeifua kama dada alivyosema. Baka limepungua ila linaonekana, liko juu ya neno WEMA. Na bado naisikia ile sauti, "kitambaa tu hicho".

MKWEZI
Picha mkuu.

PUMZI YA MOTO
Mkiongelea hobi mimi nina kesi na vikundi vya kukimbia. Nipo Mbagala. Jumapili saa 11 alfajiri, watu sitini, filimbi, nyimbo, wanapita dirishani kwangu kama wanakwenda vitani. Nimerudi zamu saa 9 usiku! Kimbieni, nani kawakataza, lakini wimbo wa nini? Miguu inahitaji kwaya?

NYANGUMI WA FERI
Bila wimbo pumzi inakata. Mimi ni mmoja wao. Njoo ukimbie uache kununa.

PUMZI YA MOTO
Kumbe ni nyie! Mwenye filimbi ni nani? Nitajie yeye tu.

NYANGUMI WA FERI
Mimi.

MAMA KUNDI
Hamjakaa jirani na mfuga njiwa ndiyo maana. Sinza huku, ghorofa ya juu, jamaa ana njiwa hawana idadi. Naanika mashuka meupe, naanua ramani ya Afrika. Nikimwambia, ananijibu njiwa ni ndege wa amani.

MLINZI WA NJIWA
Nimeona nimetajwa. Mama Kundi, kamba yako umeifunga chini ya banda langu, banda lilitangulia. Na mtu anayefuga njiwa ni mtu wa nyumbani. Njiwa unamwachia Kibaha, anarudi Sinza mwenyewe, unadhani mwenye njiwa hao anaweza kulala nje?

MAMA KUNDI
Kumbe upo humu! Shuka langu la harusi unalilipa lini?

MLINZI WA NJIWA
Ni shuka tu hilo mama, nitakununulia lingine.

BINTI MZARAMO
Heeee! Mtoa mada njoo uone, yule bwana wako kumbe anafuga njiwa!

MLINZI WA NJIWA
Msinifananishe. Mimi simjui huyo mtu wala sijafuta soda ya mtu.

FUNDI REDIO
Usiku njiwa wako wanatulia? Nasikia ukiwahamisha lazima uwafungie wiki kadhaa kabla ya kuwaachia, la sivyo wanarudi kwa mwenyewe wa zamani.

MLINZI WA NJIWA
Sahihi kabisa. Wakubwa ni wabishi. Anza na makinda, yasiyojua kwingine.

KITASA
Jozi unauzaje?

MZEE WA PINDO
Jamani. Jumamosi naenda Tandika. Shangazi ataifungua mbele yangu, ana desturi hiyo, anakunjua kanga na kusoma jina kwa sauti kabla hajaiweka kabatini. Baka liko palepale kwenye WEMA. Namwambia nini? Namwambia kuna mtu aliifutia soda? Atauliza mtoto wa nani huyo. Nisaidieni.

MLINZI WA NJIWA
Kitasa, inategemea rangi. Weupe wana bei yao. Una banda au utawaweka kwenye boksi?

KITASA
Nina boksi la friji.

NYANGUMI WA FERI
Boksi la friji njiwa hawakai, joto. Toboa matundu juu.

MAMA KUNDI
Unakaa wapi wewe Kitasa? Jirani zako wanajua?