Zolpidem, dawa ya usingizi: dozi ya mume na mke iwe moja?

Duka la dawa, Kirumba: Wakuu, mume na mke uzito sawa, wote wanameza zolpidem miligramu 10. Mume anaamka mzima, mke anasinzia mpaka saa nne asubuhi. Kwa nini?

Mfamasia Igoma: Si uzito, mkuu. Mwili wa mwanamke huiondoa dawa hii polepole, hivyo baada ya masaa 8 bado ipo nyingi kwenye damu. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishusha dozi ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5. Mrudishe kwa daktari abadilishe cheti. Anywe akiwa tayari kitandani, na masaa 7 au 8 ya kulala mbele yake. Pombe hapana kabisa, na asubuhi asiendeshe akiwa mzito.

Nesi Nyamagana: Kuna na kinyume chake. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hurithiwa kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaume huupata zaidi. Primakwini, dawa ya malaria, inaweza kuwavunjia chembe hizo: mkojo mweusi kama kokakola, macho ya njano.

Duka la dawa, Kirumba: Na mama wa TB mwenye vijiti vya uzazi wa mpango?

Mfamasia Igoma: Rifampisini, dawa ya TB, hulichochea ini livunje homoni haraka, hivyo homoni ya vijiti inashuka. Aongeze kondomu, hadi wiki 4 baada ya kumaliza. Sindano ya miezi mitatu haisumbuliwi hivyo.