Gari nyuma kwenye baridi, mimi narudi Mwanza: hita na AC nizifanyeje?

Mwangaluka wote. Desemba natoka Minneapolis, Marekani, nakuja kwa mama kule Bwiru hadi Machi. Gari la huku litalala kwenye banda lisilo na joto. Habari za betri nimeshazielewa, nauliza hita na AC. Na lile la nyumbani, lililokaa mwaka mzima bila kuwashwa, nikifika nianzie wapi?

*

Dada, anza na rejeta. Tuliokulia Mwanza tumezoea kuongezea maji ya bomba, na kwa baridi ya kwetu, ambayo dawa yake ni sweta, hayagandi. Huko yataganda. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na hita haina maji yake, hupitisha yale yale ya injini. Kirejeta chake kimejificha nyuma ya dashibodi. Kikipasuka, mara nyingi fundi hushusha dashibodi nzima, na ujira wa fundi wa huko unaujua. Kulanti (dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda) nusu na maji nusu huvumilia hadi kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Usimimine kulanti tupu ukidhani ndiyo kinga zaidi: ikiwa tupu huganda mapema kuliko iliyochanganywa. Kipimo chake kinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya vipuri.

AC haina maji ya kuganda. Siku ya kuliegesha iwashe dakika 10 ili oili izunguke pamoja na gesi na kulainisha sili za kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, kisha izime, uache feni ipulize moto mpaka ndani kukauke. Mwisho funga hewa ya nje, panya wasipate njia.

Watakushauri jirani aliwashe kila wiki. Mimi sikubaliani. Kwenye baridi kali kompresa nyingi hukataa kuwaka, injini ya dakika tano huacha unyevu tu kwenye ekzosi, na moshi ndani ya banda lililofungwa unaua. Miezi mitatu AC itavumilia.

*

Niko gereji Nyakato, nijibu la hapa. Ukifika usibonyeze AC kwanza. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria utazame filta ya hewa ya ndani, panya hupenda kuzalia humo. Halafu kondensa, ile ya mbele ya rejeta: wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi huigandia wakafia hapo. Ioshe kwa maji ya taratibu, presha hulaza mapezi yake, vile vibati vyembamba.

AC ikigoma kutoa ubaridi, fundi akakimbilia kujaza gesi kabla hajatafuta inapovujia, mshukuru uondoke. Gesi haiishi kwa kutumika, ikipungua imetoka mahali.

Limefunikwa na nini, dada? Kama ni turubai la nailoni, mpigie mama leo alifunue. Unyevu wa ziwa ukibanwa humo, harufu ya ukungu itakupokea kila ukiwasha feni.