Barua imevuka maji (grupu la familia, Sinza)

Mama Mkubwa: Assalam aleikum wanangu. Mshenga katoka hapa saa nne asubuhi na barua imefungwa kwenye leso nyeupe. Sasa hivi saa saba kasoro. Nani ana habari zake?

Shangazi Tatu: Waleikum salaam dada. Yuko Feri anasubiri pantoni. Kagoma kupita darajani, anasema barua ya posa ya Hamisi na Zai lazima ivuke maji

Mjomba Saidi: Mwacheni mzee wa watu yuko sahihi. Mapenzi yao yalianzia kwenye pantoni

Mwanahawa: Shikamoo mjomba. Yalianzia wapi??

Mjomba Saidi: Marahaba. Pantoni, 2012. Mwaka ule nauli ilipopanda toka shilingi 100 hadi 200, mji mzima unalalamika, halafu Hamisi mwanafunzi wa Mlimani hana hata hela ya chipsi kavu, kila Ijumaa anamsindikiza Zai mpaka Feri anavuka naye anashuka ng'ambo anageuka na pantoni hiyohiyo. Mia nne inaondoka na Kigamboni hana shughuli wala ndugu. Nikamuuliza we mtoto unafuata nini kule, akasema upepo

Mwanahawa: Mjomba mi nakataa kabisa. 2012 walikuwa marafiki tu, Zai akija kusoma kipindi cha mitihani alikuwa analala chumbani kwangu, na asubuhi wanagombania rimoti na Hamisi mpaka mama anaizima tv. Hamna mtu anampenda mtu pale. Ingekuwepo ningeona

Mjomba Saidi: We ulikuwa umelala

Nasra: jamani hii ni ile filamu niliyoangalia jana usiku kabisaaa. When Harry Met Sally, ya zamani, ya 1989, mkaka na mdada wanasafiri gari moja toka Chicago kwenda New York hawapatani hata kidogo, wanapotezana, wanakutana tena baada ya miaka, wanakuwa marafiki wanapigiana simu usiku, kila mmoja ana mtu wake. Mpaka wanaoana ni miaka 12 na miezi mitatu. Na nimesoma mwanzoni walipanga wasioane kabisa mwishoni, sasa mwongozaji Rob Reiner mwenyewe akakutana na mkewe kipindi wanaitengeneza ndo akabadilisha mwisho. Nimelia

Shangazi Tatu: Miaka 12. Wetu 13. Tumewashinda

Mama Mkubwa: Mshenga kavuka?

Shangazi Tatu: Bado dada. Mi tarehe yangu ni 2016. Daraja la Kigamboni limefunguliwa, mita 680, na Hamisi tayari ana pikipiki yake, ukiwasha tu uko ng'ambo. Kijana bado anapanga mstari wa pantoni na pikipiki lake juani ili wavuke taratibu. Eti anakwepa tozo. Tozo gani wakati juzi yake alinunua viatu vya elfu sitini!

Mwanahawa: Sawa hapo 2016 nakubali kidogo, ila kwa upande wake tu. Zai alikuwa na yule wa Mwanza

Mjomba Saidi: Wa Mwanza alikuwa wa simu

Mwanahawa: Hahaha mjomba! Mi nawaambia ilikuwa Aprili 2018 ile mvua, Jangwani imejaa, mwendokasi hamna. Zai katoka kazini Posta simu haina chaji. Hamisi kafunga duka Kariakoo mchana kweupe kaenda kumtafuta kwa miguu, kamkuta kituoni, wamefika hapa Sinza saa nne usiku wamelowa chapachapa, yeye kabeba pochi ya mwenzie kichwani isiingie maji. Mama akamuuliza na wewe simu yako iko wapi. Ilikuwa mfukoni, imekufa. Kaikumbuka pochi, simu yake kaisahau

Nasra: 😭😭

Mama Mkubwa: Mimi nyote nawasikiliza. Tarehe ni 2019.

Mjomba Saidi: Dada 2019 si ndo Hamisi alikuwa anamuoa yule binti wa Tabata?

Mama Mkubwa: Ndiyo. Na mweka hazina wa kamati alikuwa nani?

Mwanahawa: Zai 😩

Mama Mkubwa: Zai. Mtoto wa watu kakaa vikao vyote vya harusi ya rafiki yake, kaandika kila jina kwenye daftari. Harusi ikavunjika zimebaki wiki tatu. Sisi wote tukajifungia ndani kwa aibu. Yeye karudisha mchango wa kila mtu mmoja mmoja kwenye simu, na ya kutolea kaweka juu, hakuna aliyepungukiwa hata mia. Nikasema mwanamke wa kumhifadhi mwanangu huyu hapa, na mwanangu haoni. Nikanyamaza miaka yote hii nikiomba Mungu tu

Shangazi Tatu: Dada mbona hukusema

Mama Mkubwa: Ningesema wangekimbiana.

Shangazi Tatu: MSHENGA KAPIGA. Barua imepokelewa!! Mama yake Zai kaipokea kwa mikono miwili akasema mmechelewa mno, kisha kamwandalia ubwabwa wa nazi na samaki. Mzee anasema haondoki mpaka amalize

Mwanahawa: Alhamdulillah 🎉🎉🎉

Mjomba Saidi: Allah Akbar. Nasra muunge wifi yako humu sasa

Nasra: mjomba namuunga inakataa. inasema yumo

Nasra: jamani YUMO. Dada Zai yumo humu tangu 2017

Mwanahawa: Ee Mola wangu. Msiba wa bibi. Tulimuunga kwa ajili ya hesabu za msiba, alikaa jikoni siku saba zote, hakuna aliyemtoa

Zainabu: Shikamooni wote. Nilikuwa nasoma nashindwa kujibu, nalia halafu nacheka, mama ananiuliza nina nini

Mama Mkubwa: Marahaba mkwe wangu. Hukutolewa kwa sababu nilikataza.

Mjomba Saidi: Haya mwenye mali kaja. Sema tarehe mama

Zainabu: Mjomba yangu ni hiyohiyo 2019, ila siku moja tu. Nimemaliza kurudisha hela za watu, tumekaa Feri na Hamisi tunakula mihogo, akachukua daftari akalipitia lote kimya. Akasema kila jina lina tiki, la kwako halina, laki moja yako umeirudishia wapi? Nikamwambia ya kwangu iache kaa nayo. Hakuuliza kwa nini. Alinyanyua macho akaniangalia muda mrefu, na mimi sikukwepa. Ilikuwa hapo

Mwanahawa: Mbona miaka sita ikapita tena wifi!

Zainabu: Tuliogopa kupotezana

Hamisi: Ipo. Sijawahi kuigusa. Hata duka lilipoyumba sikuigusa

Mama Mkubwa: Vikao vinaanza Jumapili hapahapa saa kumi, kila mtu aje na kiti chake. Tatu anza orodha.

Shangazi Tatu: MICHANGO YA HARUSI, HAMISI NA ZAINABU
1. Zainabu 100,000 ✅ (imelipwa 2019)
2.