Jeli gani ya bei nafuu inalaza nywele za mbele bila kuacha unga? Naombeni ushauri, nina wiki 3 tu

Chausiku wa Tabata
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni msaada, hasa akina dada mnaotunza nywele asili. Zangu ni kipilipili haswa. Nilinyoa zote mwaka juzi nikaanza upya, dawa ya kulainisha sijagusa tangu hapo, na sasa nikizivuta zinafika mabegani. Kazi yangu ni ya mapokezi, saa moja na nusu asubuhi niko mezani, kwa hiyo kichwa lazima kiwe kimetulia. Naosha kila baada ya wiki mbili, mara nyingine tatu, maana maji kwetu ni ya mgao na nywele hizi ndoo moja haziridhiki. Kinachonitesa ni siku za katikati. Siku ya kwanza na ya pili napendeza, siku ya nne mbele zimesimama, nyuma zimeshikana kama sufi.

Nimejaribu jeli tatu za Kariakoo, zote chini ya 5,000. Ya kwanza ilikuwa nzuri mpaka saa sita mchana, baada ya hapo ikatoa unga mweupe mabegani, bosi akaniuliza kama nina mba. Ya pili inanata, nikishuka daladala vumbi lote la Barabara ya Mandela limehamia kichwani. Ya tatu inakausha mpaka nywele zinalia nikizigusa. Bajeti yangu 10,000, haizidi. Nipake ipi? Nina shughuli wiki 3 zijazo na nimechanganyikiwa.

Msusi wa Mwenge
Pole dada. Huo unga mara nyingi si ubaya wa jeli, ni jeli kugombana na ulichopaka chini yake. Pima hivi kabla hujanunua nyingine: paka mafuta yako nyuma ya kiganja, juu yake weka jeli, sugua kwa kidole. Ikitoka vipande vipande kama makapi ya kifutio, na kichwani itatoka hivyo hivyo. Kosa la pili ni kupaka jeli ya leo juu ya jeli ya jana. Usiongeze. Puliza maji kidogo uamshe ile ya jana, laza kwa brashi laini, funga kitambaa cha satini dakika 10 ukiwa unavaa, fungua utoke.

Halafu nikuulize. Hizo za mbele zimesimama, au zimekatika?

Tausi wa Tanga
Mwanangu, mnahangaika na makopo bure. Bibi yangu Pangani alikuwa akitusuka nywele za uzi kila Alhamisi baada ya alasiri. Uzi mweusi, anagawa kichwa mafungu, kila fungu analizungushia uzi toka shinani mpaka nchani, anakunja. Ukifumua nywele zimenyooka bila moto wala kitana cha umeme. Mafuta ya nazi alipika mwenyewe, tui linachemka mpaka linaacha chicha za kahawia chini ya sufuria, na zile chicha tuligombania sisi watoto. Mpaka leo nikisikia harufu ile namkumbuka alivyonibana kichwa katikati ya magoti yake nisikimbie. Hatukuwa na jeli na nywele tulikuwa nazo.

Kipara Ngoto
Mimi kinyozi wangu ananimaliza kwa 3,000, unga sina, vumbi la Mandela likitua linateleza lenyewe. Karibu upande huu dada, kuna upepo mzuri.

Jiko la Nywele
Chausiku, kwa 10,000 pika jeli ya mbegu za kitani, utabaki na chenji. Robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji, moto wa wastani, koroga usiache. Dakika 7 mpaka 10 utaona inaanza kuvutika kama ute wa yai. Hapo hapo ipua, chuja ingali ya moto kwa soksi ndefu safi ya kike, kamua. Ukisubiri ipoe haitachujika, utakaa na uji wa mbegu. Ikae kwenye friji, wiki moja au mbili, ikianza kunuka mwaga. Bamia nazo zinatoa ute unaofanya kazi kama hiyo.

Gliserini ya duka la dawa weka matone tu. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, gliserini inauvuta, ukizidisha nywele zinavimba kabla hujafika Buguruni. Dada yangu yuko Dodoma, kule kiangazi hewa ni kavu, gliserini hiyo hiyo inamkausha. Na mshubiri kama unautumia, ukikata jani lisimamishe kwanza yale maji ya njano yachuruzike yaishe. Hayo yanawasha ngozi.

Mzee wa Kanuni
Mabinti, mnanunua jeli, mnanunua mafuta, mnanunua nywele za watu, mwisho wa mwezi mnakopa nauli. Mke wangu mwaka wa 31 huu anasuka mabutu yake kwa mkono, anafunga kanga, na hakuna siku niliona amepungua. Ridhikeni.

Chausiku wa Tabata
Asanteni wote. Jiko, soksi ninayo, nitajaribu Jumamosi. Baba, nimekusikia, ila mapokezi siruhusiwi kufunga kanga.

Msusi, zimekatika kidogo. Pembeni tu.

Nesi wa Ziwa
Kidogo ni kiasi gani? Kuna vipele? Panauma? Usijibu kuhusu jeli, jibu hilo kwanza.

Chausiku wa Tabata
Kuna vipele vidogo vidogo kwenye mstari wa nywele, vina usaha kichwani. Nikilala ubavu wa kushoto panauma. Nilidhani ni joto la jeli ndiyo maana nauliza nibadilishe jeli. Juu ya sikio la kushoto pametokea sehemu haina nywele, kama upana wa sarafu ya 200, panang'aa.

Nilisuka rasta mwezi uliopita. Zilibana kidogo siku za kwanza, ila rasta mpya zote zinabana jamani.

Msusi wa Mwenge
Rasta mpya hazipaswi kuuma. Nina miaka 14 kwenye kiti hiki, mteja akiniambia "inauma" nafumua hiyo hapo hapo. Msusi anayekwambia "vumilia, itazoea" anakuharibu. Kinachozoea si maumivu, ni shina limeshaachia.

Na bado hujaniambia kitu. Kipilipili chako, rasta zikabana, sawa. Ila mwezi mmoja tu mpaka pang'ae? Ulipaka nini kabla ya kusuka?

Chausiku wa Tabata
Niliweka dawa kidogo mbele. Si kichwa kizima! Ni mstari wa mbele tu na juu ya masikio, kwa sababu pale ni pagumu na rasta zinaonekana hazikuanza vizuri. Lilikuwa kopo la mdogo wangu, lilibaki nusu. Kesho yake nikasuka. Ndiyo maana sikusema, nilijua mtanisema.

Naomba msinihukumu. Shughuli yenyewe ni send-off yangu mimi. Kadi zimeshatoka, sare imeshakatwa, na nimeshatoa arubuni ya 60,000 ya wigi la gundi kwa yule yule aliyenisuka. Amesema gundi itafunika kila kitu mpaka kwenye kipaji, hakuna atakayejua. Ninachohitaji ni cha kupaka hizi wiki 3 niende kazini bila aibu, basi.

Nesi wa Ziwa
Hakuna anayekuhukumu mdogo wangu, na asante kwa kusema. Dawa ya kulainisha inavunja viungo vya ndani ya unywele, ndivyo unavyonyooka. Unywele wa namna hiyo hauna nguvu ya kuvutwa. Wewe umeudhoofisha leo, umeuvuta kesho, halafu kila asubuhi unaulaza kwa brashi na jeli kavu, nayo ni kuvuta vilevile. Vipele vya usaha ni mashina yanalalamika. Ukiwahi, nywele hurudi. Ukichelewa ngozi inaweka kovu, vitundu vinafunga, na hapo hakuna mafuta duniani yatakayootesha.

Gundi juu ya ngozi yenye vidonda usithubutu. Na siku ya kuibandua itaondoka na hizo chache zilizobaki. Nenda hospitali ya wilaya wakuangalie, ikibidi watakuelekeza kwa daktari wa ngozi Muhimbili. Walioko kaskazini wana kituo kizima cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi.

Dokta Mitishamba 01
Usihangaike na hospitali. Nina mafuta yanaotesha nywele ndani ya siku 7, hata penye kipara cha ukoo. Njoo inboksi, chupa 35,000.

Shahidi wa Pili
Nilikuwa nangoja hiyo. Jamani hii ni chai. Akaunti ya Chausiku imefunguliwa leo. Mwanzo anasema dawa hajagusa tangu anyoe, huku chini ameweka dawa. Mwanzo bajeti ni 10,000 haizidi, huku chini ana 60,000 ya arubuni. Mwanzo "nina shughuli", mara send-off yake mwenyewe. Na mwenye chupa kajitokeza kwa wakati kabisa. Ni mtu mmoja ana simu mbili, anatupiga kamba auze mafuta.

Kipara Ngoto
Siku 7 hata kipara cha ukoo? Mkuu kuanzia babu yangu tunakusubiri.

Jiko la Nywele
Shahidi ana hoja kwenye hiyo chupa. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango; chupa isiyo na lebo, viambato wala tarehe isikuguse kichwa chenye vidonda. Ila kumwita Chausiku tapeli ni kumwonea. Mimi mwenyewe nilificha kwa mama mwaka mzima kwamba nimeunguzwa na dawa kisogoni. Nilikuwa naoga na kofia.

Mzee wa Kanuni
Kama ni uongo, wahusika wafunge mjadala huu. Tumetoa muda wetu hapa.

Chausiku wa Tabata
Simjui huyo wa chupa. Akaunti nimefungua leo kwa sababu ile nyingine dada zangu na wenzangu wa kazini wanaijua, na mmoja wao ndiye mwenyekiti wa kamati ya send-off. Hela ya arubuni si ya mfukoni mwangu, ni ya mchango, ndiyo maana naogopa kusema imepotea. Ya kununua jeli ndiyo yangu, na ni hiyo 10,000.

Shahidi, picha siweki. Ila nikwambie ninachokiona sasa hivi. Nimekaa kitandani, chanuo liko mapajani. Nimechana upande wa kushoto mara tatu. Nywele zilizobaki kwenye meno ya chanuo, zile fupi ni za kukatika, nazijua. Lakini kuna nane ndefu, na kila moja shinani ina kitu kidogo cheupe kama yai la chawa. Nimezihesabu mara mbili. Foronya ina doa la njano mahali sikio linapolala. Mchumba wangu ameniona na kilemba wiki nzima, kasema kinanipendeza.

Nesi wa Ziwa
Hicho cheupe ni mzizi, umetoka mzima. Chausiku, kesho hospitali. Usisubiri Jumamosi.

Shahidi wa Pili
Basi nisamehe dada. Chupa ile bado siiamini.

Tausi wa Tanga
Mwanangu, kwetu mwari tunamfunga ushungi, tunamtilia asumini na kikuba, nywele zake wanazijua wa ndani peke yao. Mwambie mwenyekiti unataka kilemba cha kitambaa kile kile cha sare. Nani atakuuliza?

Chausiku wa Tabata
Nimerudi. Nimekwenda leo. Daktari amenipa krimu ya kupaka na vidonge vya siku 7, ameangalia kwa tochi. Upande wa kulia bado kuna vinywele vidogo, amesema hapo pana matumaini. Kushoto hakuniahidi. Kusuka na kubana miezi mitatu hapana, na niwe naosha kila wiki, maji nitafute.

Yule wa wigi nimempigia. Arubuni hairudi, anasema niende tu, atabandika mbali kidogo na vidonda. Nusu nimekubali jamani, sitaki kuwa muongo hapa. Kadi zimetoka.

Msusi wa Mwenge
Mbali na vidonda ni wapi, na kipaji chako ni hicho hicho? Acha hiyo 60,000 iende. Njoo Jumanne, Jumanne sina foleni. Nitakuosha kwa maji ya vuguvugu, nitakusuka nywele za uzi za bibi yake Tausi kuanzia katikati kwenda nyuma, mbele sigusi, na tutajaribu kilemba mbele ya kioo mpaka ukipende. Njoo na kipande cha kitambaa cha sare. Asubuhi hiyo zaidi ya krimu ya daktari usipake kitu chochote.

Chausiku wa Tabata
Kitambaa cha mita ngapi?

Msusi wa Mwenge
Mbili.