Tupeane uzoefu: siku bango lako la kongamano lilipokuumbua

MtotoWaTudor
Ikisiri yangu imekubaliwa, lakini kwa bango, si kwa kusimama jukwaani. Nilivyosoma ile barua tu nikakumbuka ya mwaka juzi, moyo ukaanza kwenda mbio. Nilijaza maneno karibu 1,500 kwenye karatasi ya A1, herufi za pointi 16. Saa mbili nzima watu wanapita, wanasoma kichwa, wananionea huruma, wanakwenda zao kwenye chai. Mliopitia haya semeni. Sitaki yanirudie.

BintiLikoni
Umenigusa pabaya. Wacha niyatoe, maana hata nyumbani sijayasimulia yote.

Utafiti wangu ulikuwa wa mikoko ya hori la Tudor, Mombasa: palipokatwa, ni miche ya aina ipi hujiotea yenyewe, mkoko wenyewe au mchu. Miaka miwili matopeni. Bango nikalimaliza usiku wa manane kwenye PowerPoint, nikalipeleka mjini kwa flashi hivyo hivyo, bila kuligeuza PDF. Kompyuta ya dukani haikuwa na fonti yangu. Kichwa kikalalia majina ya waandishi, alama za digrii zikawa vijisanduku, na bahari niliyoiweka buluu ikatoka zambarau. Duka linafungwa, sina pesa ya karatasi nyingine ya A0. Nikalichukua.

Asubuhi mvua ya masika. Navuka feri, bango nimelifunga kwa leso ya mama. Tunashuka, watu wanasukumana, mkokoteni ukanipiga ubavuni, bango likaanguka kwenye dimbwi. Halikuwa na laminesheni. Nilipolifungua ukumbini, mchu na mkoko walikuwa doa moja la kijani, na leso imelowa zambarau.

Nililia, sioni haya kusema. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyenionyesha saiba ng'ambo ya barabara. A0 ni sawa na A4 16, nne kwa nne. Nikachapa kurasa 16, nikaziunga kwa selotepu, nimepiga magoti sakafuni. Ukurasa wa 11 ukatoka mweupe, wino umekwisha, na hapo ndipo lilipokuwa jedwali langu kubwa. Nikaomba kalamu nene nikaandika: MCHU UMEJIOTEA. MKOKO HAUJARUDI.

Basi watu wakawa wanasimama hapo hapo. Mzee mmoja mvuvi, walikuwa wamealikwa kutoka vikundi vya ufuoni, akaweka kidole juu ya maneno, akasoma kwa sauti. Akaniambia, "Upande huu kweli, mwanangu. Lakini Mikindani hukufika. Kule mkoko umerudi." Tukabishana nusu saa. Wiki ile ile nikaenda Mikindani. Miche ipo, imenifika magotini.

Kadzo
Pole dada. Nimesoma mpaka mwisho bila kupumua.

MzeeWaGari
Ungezunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, bila feri, ungefika mkavu.

BintiLikoni
Kwa nauli ya nani, kaka?

MzeeWaGari
Nimesema tu. Bango la miaka miwili si la kuvukia feri saa moja asubuhi.

MtotoWaTudor
Jamani, ya feri tuyaache. Dada, kwa hiyo ungelifanyaje leo?

FundiMabango
Nijibu mimi, maana kazi yangu ni kuchapa mabango na lawama zote huja kwetu. Leteni PDF yenye fonti ndani yake. Ukurasa upimwe A0 tangu mwanzo, sentimita 84.1 kwa 118.9, si slaidi ya kawaida ndipo tuivute. Buluu ya skrini ni mwanga, yetu ni wino wa rangi nne, haziwi sawa hata siku moja. Ombeni tuwachapie A4 ya majaribio kwanza. Picha za kutumiwa kwa WhatsApp zimebanwa, ukizikuza uso wa mtu unakuwa matofali. Nukta 150 kwa inchi zinatosha kwa saizi kamili, 300 ni bora zaidi.

Kadzo
Na ulizeni kama ubao ni wa wima au wa ulalo. Langu lilichomoza huku na huku.

Nyota_Bamburi
Kitambaa! Unakikunja kwenye begi, kikilowa unakianika.

FundiMabango
Na mikunjo yake? Pasi ya ukumbini umeiona wapi?

Nyota_Bamburi
Nimekitumia mara tatu, Fundi. Kizungushe, usikikunje.

Msomi_Nyali
Ukurasa wa 11 wa dada ndiyo hoja ya Mike Morrison. Mwaka 2019, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia Marekani, alitoa video akitaka matokeo yakae katikati kwa sentensi moja kubwa, maelezo pembeni, na msimbo wa QR wa kupakua makala.

MwalimuK
Mimi hukaa kwenye jopo la kutoa alama, na hilo silikubali. Sentensi bila sampuli wala mbinu ni tangazo la sabuni. Nataka grafu, mihimili yake ina majina na vipimo.

Msomi_Nyali
Kwa heshima, Mwalimu, grafu ipo, iko pembeni.

MwalimuK
Kwa herufi za ngapi? Macho yangu si ya juzi.

Msomi_Nyali
24 kwenda juu. Kichwa 85 au zaidi.

MwalimuK
Hapo sawa. Kuhusu sabuni sijabadilisha.

Omari_K
Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi, na tuko wengi wanaume. Wekeni buluu na chungwa, au mistari yenye maumbo tofauti. Grafu nyingi nazipita kwa sababu hiyo tu.

Kadzo
Na kwa nini utafiti wa wavuvi ubandikwe Kiingereza kitupu mbele ya wavuvi?

MwalimuK
Kongamano ndilo lililotaka Kiingereza.

BintiLikoni
Ile yangu ya kalamu ilikuwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichonijia. Ingekuwa Kiingereza, yule mzee angepita, na Mikindani nisingefika.

MtotoWaTudor
Nimefuta aya nne sasa hivi. Imebaki hii katikati: "Kisima kikiwa karibu na ufuo, maji yake yana chumvi zaidi." Inaeleweka?

Omari_K
Visima vya wapi?

MtotoWaTudor
Kisauni.

Omari_K
Andika.

FundiMabango
Kisha ulete Jumatatu asubuhi, si Alhamisi jioni.