Mrejesho: tairi za matope za Prado

Niliuliza tairi gani zitadumu kwa Prado ya safari za Mombasa hadi Kwale ndani, masika. Ahsanteni jamani. Nimechukua 265/70R16 zenye herufi LT (Light Truck, yaani za magari ya mizigo midogo), plai 10 (kipimo cha uimara wa tairi), tano pamoja na spea.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Tairi "mpya" iliyozeeka dukani huwa na vinyufa kwenye mashina ya meno. Hiyo iache.

Kwenye lami presha ya upepo ni 35 psi. Matopeni shusha hadi 20. Chini ya 15 tairi huweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukirudi lami jaza upesi, maana presha ndogo na mwendo huchemsha ubavu hadi upasuke. Kelele? Zipo, tena nyingi.