Naomba ushauri: kulima mwani kina kirefu bila kuwaacha kina mama

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Karibu wote ni kina mama. Zao hili lilianza kibiashara hapa mwaka 1989, na wengi wetu tumesomeshea watoto.

Sasa bahari imepata joto. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, hauhimili maji ya kina kifupi. Bamvua lililopita niliinua kamba nikakuta matawi meupe, malaini, yanakatikia mkononi; kwenye tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, kimebaki kipande kama ukucha.

Tunaambiwa tuhamie kina kirefu. Sawa, lakini kule panataka boti na kujua kuogelea. Wenye boti ni wanaume, na kina mama wengi hawajui kuogelea. Nahofia dawa ya tabianchi itatunyang'anya kazi yenyewe.

Kuna mfadhili anataka andiko la mradi linalofuata Malengo ya Maendeleo Endelevu. Wenzangu wanasema tuweke Lengo la 13 la tabianchi na la 14 la uhai wa baharini tu, la 5 la usawa wa kijinsia lisubiri awamu ya pili. Mimi sikubali hata kidogo!

Naomba msaada: mafunzo ya kuogelea, yenye mwalimu mwanamke, nayaingizaje kwenye bajeti kama gharama ya tabianchi? Na boti iandikishwe vipi ibaki mali ya kikundi? Aliyewahi kuandika andiko la namna hii anielekeze, tunawasilisha mwisho wa mwezi.